Sentensi Bora ya Wiki

Kila asubuhi Mwalimu Winifrida aliandika ubaoni sentensi mbili fupi za Kiingereza, na watoto wa darasa la saba wakagombania kuziunganisha. Siku hiyo alikuwa ameandika moja tu, mtendaji wa kijiji, Pasikali, akaingia bila hodi, nyuma yake mgambo wawili.

Alisema wametumwa kuwakusanya Warundi wote wanaoishi nje ya kambi ya wakimbizi. Akaomba daftari la mahudhurio, akalipitia kwa kidole, akaguna. Majina hayakumsaidia, Waha, wenyeji wa hapa, na Warundi huitwa yale yale. Winifrida akashusha pumzi.

Kisha Pasikali akageukia ukuta.

Chuoni Kasulu, Winifrida alifundishwa kwamba mtoto hushika Kiingereza kwa mambo ya kwao. Kwa hiyo kila Ijumaa alibandika ukutani sentensi bora ya wiki, na jina la aliyeiandika. Wiki hiyo ilikuwa ya Immakulata: baba yangu alizaliwa Burundi, lakini analima hapa Mabamba. Hakukuwa na kosa hata moja, na darasa zima lilimpigia makofi.

"Immakulata ni yupi?"

Mtoto akasimama upesi, akidhani anasifiwa.

Winifrida alijitahidi kueleza kwamba lile ni zoezi tu, watoto hutunga. Akasema mtihani wa kumaliza shule umebaki wiki mbili.

"Mwalimu, hata kambini kuna shule," Pasikali alijibu, wala si kwa ukali. "Mimi nimeagizwa watu, sikuagizwa mitihani."

Kufika saa sita, mgambo walikuwa wamemtoa baba yake Immakulata, Mzee Niyongabo, shambani. Winifrida aliwakuta wote wawili juu ya lori, mtoto amekumbatia madaftari yake. Mzee alimsalimia kwa Kiha, akamshukuru kwa kumsomesha binti yake. Akasema aliyewachongea kwa mtendaji anamjua: jirani yake Melkiadi, waliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba. Miaka ishirini na mitano amekaa naye, na leo kamfanyia hivi. Hatamsamehe.

Winifrida aliinamisha kichwa. Angeweza kunyamaza, lori lilikuwa limeshawashwa. Akashika ubao wa lori kwa mikono miwili.

"Baba Immakulata, si Melkiadi. Ni mimi. Aliandika sentensi nzuri sana juu yako, nikaibandika ukutani kila mtu aione."