Mazishi ya Punda wa Kilindo

Mwalimu Scholastica alikuwa amechoka. Si uchovu wa jana, la. Uchovu wa mwaka mzima, tangu watu walipohamishwa na kupangwa mistari mistari kwenye kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Rutamba. Alfajiri shamba la kijiji, asubuhi darasa la tatu lenye watoto sabini na wawili, alasiri kisomo cha watu wazima. Na jioni, kwa kuwa mkutano ulikwisha kusema "mwalimu yupo, atafanya," sanduku la vitabu vya kuazimisha. Hakuna aliyemuuliza kama miguu yake ni ya chuma.

Lakini sanduku lenyewe, acha tu! Lilitoka mjini Lindi limejaa vitabu vya watoto, na ndani yake nakala tatu za Punda wa Kilindo, kitabu kilichotungwa na mtu aitwaye Leonadi Nampunju. Watoto walirukwa na akili. Walikigombania mpaka wakapigana vikumbo, na mmoja, Kondo, aligoma kula mpaka aambiwe kama punda alivuka mto au hakuvuka. Wakamwandikia mwandishi barua, naye, muungwana yule, akajibu kwa mkono wake mwenyewe: sehemu ya pili iko mtamboni inachapwa, na humo punda anafika pwani. Siku hiyo somo la hesabu halikufundishwa, na Scholastica hakujuta.

Aliyekipenda kitabu kuliko watoto wote alikuwa Bi Mwanasha, mjane wa mwalimu wa chuo cha Kurani, mtu mzima mwenye wajukuu, vidole vyeusi kwa kubangua korosho. Kila jioni alileta ungo wake mlangoni akijidai anapepeta mtama, kumbe masikio yote yako ndani. "Mwalimu, hebu rudia pale punda anapomgomea tajiri," alikuwa akisema, kisha anacheka mpaka mtama unamwagika. Barua ya mwandishi alisomewa mara nne. Mwishowe akajiandikisha kisomo, na wenzake walipomtania kwamba uzee wote huo anasoma ili aajiriwe wapi, akawajibu, "Nataka sehemu ya pili niisome kwa macho yangu. Nimechoka kungojea mdomo wa mtu."

Sasa, ofisi ya vitabu ya Lindi, iliyoleta sanduku, ilikuwa na utaratibu wake. Kitabu kikichakaa, unakirudisha, hata kiwe kipande, unapewa kingine. Kijiji kikionekana kimetunza, kinaletewa sanduku jipya, lenye sehemu ya pili. Kisipotunza, hata hilo la zamani linachukuliwa. Ikaja habari kwamba mkaguzi, Ndugu Abilahi, angefika Alhamisi.

Jumatano Scholastica akajikokota hadi kwa Bi Mwanasha. Wiki tatu nyuma alimpa nakala zote tatu za Punda azigandishe kwa uji wa muhogo, maana zilikuwa zimesomwa mpaka zikawa matambara.

"Shikamoo, Bi Mwanasha. Nimewafuata wale punda."

"Marahaba, mwanangu. Mbona nimekwisha kuwazika?"

"Umewafanyaje?"

"Nimewazika. Hawakuganda, kurasa zinaachana kama maganda ya kitunguu. Nikawafunga kwenye bafta nyeupe, nikawazika kule makaburini, kwa adabu zote." Bi Mwanasha alisema bila wasiwasi wowote. "Marehemu mume wangu, juzuu za Kurani zikichakaa, tulizizika pamoja, mimi na yeye. Karatasi yenye maandishi haitupwi, mwalimu. Ulitaka nikafungie karanga?"

Scholastica akakaa chini, pale pale mchangani. Alitaka kugomba, akakosa nguvu. Kwani amgombeze kwa lipi? Kwa kukiheshimu kitabu? Kufukua hakukufaa kitu; mchwa wa huku hawangoji wiki tatu, na yeye Mkristo kutoka Umakonde akaonekane na jembe kwenye makaburi ya Waislamu, si balaa hiyo?

Alhamisi Ndugu Abilahi akafika na pikipiki yake, vumbi mpaka kwenye kope. Hakuwa mtu mbaya. Aliposikia habari alicheka mpaka akajifuta machozi.

"Vimezikwa! Ala! Haya, na matanga mlikaa?" Kisha akafungua fomu yake, kicheko kikaisha. "Mwalimu, hapa hakuna mahali pa kuandika vimezikwa. Kuna vimepotea na kuna vimeungua. Vikipotea ni uzembe, nalichukua sanduku leo hii. Vikiungua ni ajali, nyumba za makuti zinaungua kila siku, na mwezi ujao mnaletewa jipya. Fomu inataka jina la mwenye nyumba na sahihi yako. Vilikuwa kwa nani?"

"Kwangu," alisema Bi Mwanasha. Alikuwa amesimama mlangoni. "Na havikuungua. Andika kilichotokea, baba. Kijiji kizima kinajua."

"Mama, wakubwa wangu hawasomi kijiji. Wanasoma fomu."

"Mimi nichome maandishi?" Bi Mwanasha hakumtazama tena mkaguzi, alimtazama Scholastica. "Mwalimu, wewe unanijua. Mwambie."

Madirishani kulikuwa kumejaa vichwa vya watoto. Scholastica angeweza kukataa. Angeweza kupanda lori kwenda Lindi, akakae kwenye benchi siku mbili, aeleze ofisi baada ya ofisi mpaka mtu mmoja aelewe. Mwaka uliopita angekwenda. Lakini aliwaza benchi lile, akawaza shamba la kijiji, na mwili wake ukakataa kabla ya moyo. Akashika kalamu. Akaandika: vimeungua nyumbani kwa Mwanasha binti Nassibu. Akatia sahihi. Roho ilimwuma, naam, lakini kabla ya kuuma alisikia nafuu, na nafuu ile ndiyo aliyoionea aibu baadaye.

Bi Mwanasha akageuka, akaenda zake.

Sanduku jipya likaja, kweli, mwezi uliofuata. Punda alifika pwani, akaiogopa bahari, akaitukana. Watoto walipiga kelele mpaka mwenyekiti akaja kuuliza kuna nini. Scholastica alisoma kwa sauti ya juu kuliko kawaida. Mlangoni hapakuwa na mtu. Kisomo nacho Bi Mwanasha alikwisha kukiacha.

Siku ya nne akachukua nakala moja, akaenda. Bi Mwanasha alimkaribisha vizuri, akamletea kigoda na maji ya kunywa, wakajuliana hali. Kisha akakipokea kitabu, akakiweka mapajani, na kidole kikaanza kutembea polepole juu ya jalada.

"Pu-nda... wa... Ki-li-ndo," alisoma. "Se-he-mu... ya pi-li."

Kisomoni Scholastica alimwacha kwenye silabi, alikuwa hajawahi kumsikia akisoma maneno mazima. "Bi Mwanasha, unasoma!"

"Nasoma, mwanangu." Akakifuta jalada vumbi kwa upindo wa kanga, akamrudishia kwa mikono miwili, kwa upole kabisa. "Kichukue, kisije kikapata ajali. Kwangu mna jiko, na serikali ina karatasi kwamba mimi nachoma vitabu."