Maoni kwa Maandishi Tu

Usiku wa kuamkia leo niliota nimerudishwa kazini. Nimestaafu miaka mitatu sasa, lakini barua ilisema nifike saa mbili asubuhi, nikafika. Meza yangu ya kitengo cha leseni, kule tume ya mawasiliano, ilikuwa palepale. Muhuri ukanisalimia.

"Shikamoo, mzee. Leo tuna kikao cha umma."

"Kuhusu nini?"

"Tisini na mbili nukta saba."

Hayo yalikuwa masafa ya Redio Kilangwe, redio ndogo ya wanakijiji iliyokuwa kwenye chumba kimoja nyuma ya ghala la pamba. Miaka mitano iliyopita kampuni moja ya mjini iliyaomba kwa ajili ya muziki na matangazo yake. Faili niliandaa mimi.

Masafa yenyewe yalikuwa yameketi kwenye kiti cha wageni. Ni membamba kama uzi, yamevaa koti, yanatetemeka kidogo.

"Sheria yenu inasema mimi ni mali ya umma," yakasema.

"Ndivyo inavyosema."

"Basi umma uko nje. Umekuja kunichukua."

Nikachungulia dirishani. Kweli, foleni ilianzia getini kwetu, ikapita kituo cha mafuta, ikaendelea hadi nisikoona. Kila mtu ameshika kidumu cha kuwekea kipande chake. Hakuna anayesukumana.

"Kwa utaratibu wetu, umma ni wale walioleta barua," nikayaeleza. "Hao wengine ni watu tu."

Masafa yakajikunyata ndani ya koti lake.

Anaingia Bi Siwatu Mkongea, mtangazaji wa Redio Kilangwe. Amevaa kitenge kilekile alichovaa siku ile aliyokuja kweli, Ijumaa ya mwisho ya kupokea maoni. Siku ile alikuja na simu yenye sauti za majirani zake wasiojua kuandika. Kwenye ndoto amekuja na gunia. Analitua sakafuni, nalo linaanza kuongea.

"Ng'ombe wangu alipatikana kwa sababu ya redio," linasema gunia kwa sauti ya mzee. Kisha kwa sauti ya mwanamke: "Mto ukipanda, Siwatu ndiye anayetuambia. Hatuna mwingine."

"Mama, pole na safari," nikasema. "Ila maoni tunapokea kwa maandishi tu."

Hayo ndiyo maneno niliyomwambia siku ile, hata pole na safari nilimpa. Kalamu ilikuwa mfukoni mwangu. Ningeweza kukaa naye nusu saa, nikasikiliza zile sauti na kuziandika. Lakini nilikuwa na kikao cha harusi ya mpwa wangu saa kumi, na mimi ndiye mwenyekiti. Alipoondoka, niliandika kwenye faili: Hakuna pingamizi lililopokelewa.

Safari hii nikatoa kalamu.

"Nitajie moja moja, mama. Naandika."

"Muda umekwisha," ikasema kalamu. "Mwisho ni saa tisa na nusu."

"Sasa hivi ni saa mbili asubuhi."

"Ya siku ile, mzee."

Nikaikandamiza kwenye karatasi, haikuandika. Bi Siwatu hakukasirika. Alikunja mdomo wa gunia taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

Nilipoinama kumsaidia kulibeba, sakafu haikuwepo tena. Nimesimama kwenye ukingo wa Mto Kilangwe, maji ya kahawia yanapita na mabua ya mahindi. Mbele yangu ipo nguzo ya kupimia kina, imepakwa rangi nyeupe na nyekundu.

"Mita tatu na nusu," nguzo inasema. "Zamani nikifika hapa, Siwatu alikuwa anakimbia kwenda kutangaza."

"Na sasa?"

"Sasa naongea peke yangu."

Nikakimbia mimi. Chumba cha nyuma ya ghala kilikuwa wazi, Bi Siwatu amekwisha kaa. Kipaza sauti kikanizuia.

"Una leseni?"

"Mimi ndiye niliyekuwa natoa leseni."

"Sikukuuliza ulikuwa nani."

"Mwache asome," akasema Bi Siwatu, akanisogezea karatasi ya tangazo.

Nikasoma. "Watu wa Kilangwe Bondeni, maji yamefika mita tatu na nusu. Acheni vyombo. Pandeni shuleni sasa hivi."

"Polepole, kaka. Mzee Chapuga hasikii vizuri."

Jina hilo nalijua. Mwaka uliofuata baada ya redio kufungwa na masafa kupewa ile kampuni, mwezi wa nne, mafuriko yaliwachukua watu kumi na mmoja wa Bondeni. Majina yao niliyasoma gazetini, ukurasa wa sita, nikinywa chai. Chapuga lilikuwa la tatu.

"Kwani Mzee Chapuga yupo?" nikamuuliza.

"Wewe soma tu."

Nikasoma tena, polepole. Nilisoma mpaka sauti ikakauka. Bi Siwatu aligeuza uso dirishani, kule bondeni, akawa anasubiri kuona kama kuna mtu anapanda.

Nikaamka. Kumekucha, nasikia mke wangu Generosa akifagia jikoni. Ufagio ukanyamaza, akaja mlangoni.

"Baba Edna, wale watu walihama?"

"Watu gani?"

"Wa redioni. Nilikuwa natafuta taarifa ya habari, nikakuta mtu mwenye sauti kama yako anawaomba watu wa Bondeni wapande shuleni. Ameomba weee, halafu ikaingia miziki." Akanitazama. "Bondeni ni wapi? Walihama?"

Nikaketi kitandani. Miaka yote hiyo sikuwahi kumsimulia mtu habari ya Ijumaa ile.

"Hawakuhama," nikamwambia. "Hakuna aliyewaambia."