Zamu ya Leonard

Kwa miaka ishirini na mitano Verna Stashko alikataa katakata kukanyaga maonyesho ya magari, na Jumapili hii alikwenda ili amalizane nayo. Saa nane mchana mtu kutoka Toledo angekuja pale uwanjani kulichukua Pontiac jekundu la mwaka sitini na saba, gari la marehemu mumewe, Leonard. Walikuwa wameshakubaliana kwa simu. Kilichobaki ni kukabidhiana funguo.

Usidhani alikuwa na roho mbaya. Jaribu wewe kuishi na mwanamume ambaye kila ukimtafuta unaona viatu vyake tu vimechomoza chini ya gari. Verna alilionea lile gari wivu, wivu wa kweli, ule ambao mke humwonea mke mwenzake, na wala hakuona haya kuusema. Kila Agosti Leonard alimbembeleza, "Twende mara moja tu, mama, nina kitu cha kukuonyesha." Kila Agosti Verna alijibu kwamba gari ameshaliona, linamzibia mlango wa chumba cha kufulia.

Gia za mkono zilimshinda Verna, kwa hiyo gari lililetwa na Burt Lindqvist, fundi bomba mstaafu, rafiki wa Leonard tangu walipokuwa vijana kwenye kiwanda cha magari. Walilipanga chini ya miti kando ya mto, katikati ya magari mia mbili hivi yaliyong'aa kama vyombo vya harusi, kisha wakakunjua viti nyuma yake. Cleon Mabry, mwenzao wa kila mwaka, alikuwa ameshafika na kasha lake la barafu. Verna alipewa kiti cha kijani cha Leonard. Kilikuwa kimebonyea upande mmoja, kwa umbo la mwenyewe.

"Haya, tuanze," Burt alisema. "Shemeji, sisi tuna mchezo wetu. Kila mtu anataja gari moja ambalo angepewa bure angelichukua. Sheria ni moja tu, huruhusiwi kutaja la kwako."

"Yeye atataja Chevrolet ya baba yake," Cleon alisema. "Mwaka wa thelathini huu anaitaja. Tumechoka."

"Ya mwaka hamsini na saba, ile ndefu ya familia, rangi ya maziwa," Burt akaendelea kana kwamba hakusikia. "Tulilala humo ndani ndugu watano tukienda ziwani. Mzee akaiuza nikiwa jeshini. Hata kwaheri sikuiambia."

"Unaona? Sasa anataka kulia. Mimi langu ni Plymouth ya zambarau, ya mwaka sabini. Mama alinipeleka maonyesho ya Detroit nina miaka tisa. Ilikuwa juu ya jukwaa linalozunguka, shemeji, linazunguka polepole, na mimi nikazunguka nalo. Mama ananivuta mkono, mimi nazunguka. Mpaka leo shingo yangu haijakaa sawa."

Verna alicheka bila kutaka. "Na Leonard alikuwa anataja lipi?"

Wale wawili wakatazamana.

"Leonard alikuwa anaruka zamu," Burt alisema. "Kila mwaka. Ikimfikia anasema, naruka zamu, anafungua mkate wake. Tulimtukana sana."

Wakamhadithia mvua ya mwaka ule hema lilipopeperuka. Watu wote walikimbilia kwenye choo, Leonard peke yake akavua koti la mvua akalifunika gari, akasimama hapo ameloa chapachapa, anapiga chafya. Verna aliyakumbuka mafua yake. Alikuwa amempikia supu wiki nzima akimsema, na kumbe hakujua hata nusu ya kisa. Akajikuta anatamani ampikie tena.

Ilipokaribia saa saba Cleon aliinuka kwenda kufungua boneti, maana wageni walikuwa wameanza kupita. Alifungua, akainama, akamwita Burt kwa mkono. Burt akamfuata. Naye akainama.

"Shemeji," Cleon aliita taratibu. "Humu ndani aliosha nani?"

"Mimi," Verna alisema, akisubiri asifiwe. "Jana, kutwa nzima, kwa mswaki. Mtu wa watu asipewe gari chafu. Na pale nyuma ya injini palikuwa na uchafu wa njano umeganda, nimeusugua mpaka kucha zikaniuma."

Burt alivua kofia, akakaa kwenye nyasi, na kiti chake kikiwa palepale.

"Haukuwa uchafu," Cleon alisema.

Ndipo walipomweleza. Kijana Leonard kazi yake kiwandani ilikuwa kukagua. Gari likipita mbele yake likiwa sawa, anaandika alama ya vema kwa chaki ya nta ya njano, kwenye bati la nyuma ya injini. Jumatatu moja ya Juni, mwaka sitini na saba, alifika kazini hajalala kwa furaha. Jana yake, Jumapili, kando ya ziwa, binti mmoja alikuwa amekubali kuolewa naye. Gari jekundu likapita, na badala ya vema akaandika V ya jina la yule binti, akaipamba na kamkia. Msimamizi akamfokea. Yeye akainakili namba ya lile gari kwenye glovu yake.

"Alilitafuta miaka thelathini na moja," Burt alisema. "Akalipata kwenye banda la ng'ombe huko Indiana. Magari mekundu yalikuwa tele, shemeji. Yeye alitaka hilo."

Verna alikumbuka kipande cha utepe wa karatasi, kidogo kama stempu, ambacho Leonard alikibandika hapo nyuma ya injini siku ya kulipaka gari rangi upya, kumbe ili alama isifunikwe. Yeye alitaka kukibandua, Leonard akamkaripia. Walinuniana siku tatu.

"Mbona hakuniambia?"

"Alisema siku utakayokuja mwenyewe, atafungua boneti mbele ya watu akuonyeshe."

Verna akalia hapohapo, mbele ya magari mia mbili na wenyewe. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Alipomaliza alijifuta kwa kitambaa cha kung'arishia magari, akamgeukia Cleon.

"Nyie mna kila kitu kwenye hayo masanduku yenu ya vifaa. Chaki kama ile ipo?"

Ilikuwapo. Wanaofufua magari ya zamani huchora upya hata alama za kiwandani. Cleon akampa. Verna aliinama juu ya injini, akaandika L, akaipa kamkia.

"Majaji wa maonyesho watatupunguzia alama," Burt alisema. "Kiwandani hapakuwa na L."

"Wapunguze."

Mtu wa Toledo alifika saa nane kamili, mtu mwenye adabu zake. Verna alimwomba radhi mara tatu, akampa soseji mbili na kinywaji cha baridi, akamsindikiza mpaka getini bila kumpa funguo. Kisha akarudi kwenye kiti cha kijani, akakaa palipobonyea.

"Haya, shemeji," Cleon alisema. "Hujataja lako."

Verna alilitazama lile gari jekundu, boneti yake iko wazi.

"Naruka zamu," alisema.