Meza ya Watu Wawili

Fundi Friji alikuwa mtu wa kuelewana na mashine. Kompresa ikikoroma vibaya aliitegea sikio, akaigonga kidogo, wakamalizana. Waliomshinda ni binadamu, hasa wakizidi mmoja. Ndiyo maana tangu mwaka uanze alikuwa akienda saluni kwa msusi mmoja aliyeitwa Kipaza, nia yake moja tu, kumposa, na kila mara akirudi na nia yake nzima nzima. Saluni ile haikukauka watu. Huyu anasukwa, yule kaja kusalimia, wa tatu hana shida yoyote ila kaona wenzake wanacheka. Na fundi mwenyewe ana kipara kinachong'aa! Hakuna aliyemuuliza anafuata nini kwa msusi. Mji mzima ulijua.

Sasa mambo yalikuwa yameiva. Mwenye duka la vipodozi alikuwa amesema atamtuma shangazi yake Jumapili kuleta posa, na Kipaza, ambaye siri kwake hailali hata usiku mmoja, alishaitangaza saluni nzima. "Mimi sina ubaguzi," alisema. "Atakayekuja kwanza na maneno yaliyokamilika, ndiye nitakayemsikiliza."

Bahati ikamwangukia fundi wiki hiyohiyo. Alifufua chumba cha baridi cha hoteli moja ya kitalii, nyama zikapona, na meneja kwa furaha akampa kadi: kifurushi cha Jumamosi jioni, chakula bustanini na kutazama fataki, kwa watu wawili. Fundi aliyasoma hayo maneno "watu wawili" mpaka yakakaribia kufutika.

"Kifurushi chenyewe kiko wapi?" Kipaza, mwalikwa wake, aliuliza Jumamosi hiyo kwenye geti la hoteli, akimkagua mikono.

"Ndiyo sisi. Tunaingia, tunalishwa, tunaoneshwa fataki."

"Kumbe mimi ni mzigo! Haya, nibebe."

Hoteli ilikuwa imejipamba ikajua kujipamba. Taa ndogondogo zilizungushwa kwenye mashina ya miti kama shanga kiunoni, maji ya bwawa yametulia hata yanaonyesha nyota, na vitambaa vya meza vimepigwa pasi mikunjo ikawa na makali. Meza yao ilikuwa ukingoni mwa bustani, mbele kabisa. Mshumaa mmoja, viti viwili. Moyo wa fundi ukatulia. Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo.

Supu ikaja. Fundi akasafisha koo. "Kipaza, kuna jambo nataka..."

"Karibuni!" akasema Kipaza, tena si kwake. Kulikuwa na bibi na mzee wake wanapita kutafuta meza yao, na kijiko cha Kipaza kilikuwa kimefika mdomoni. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Ukipitiwa na mtu unakula, unasema karibu. Naye anasema ahsante, anakwenda zake. Hiyo ni karibu ya mdomoni, haina kiti wala kijiko.

Bibi yule, nesi mstaafu, akasimama. "Ahsante, mwanangu, Mungu akuzidishie. Sisi wametuweka nyuma ya mti, tungeona fataki nusunusu. Mzee, vuta kiti."

Fundi akaimeza supu pamoja na jambo lake.

Samaki wa kuokwa hajafika, Kipaza ameshamkaribisha mwalimu wa chekechea na dada yake, na hao nao hawakujua kukataa. Mhudumu akaja na kadi mkononi, uso umemshuka. "Dada, samahani, meza hii ni ya watu wawili."

"Na wawili si ndio sisi, mdogo wangu? Hawa ni wageni wetu. Tuongezee viti, na wewe ukichoka kusimama, karibu."

Fundi alitaka kuudhika, akashindwa. Alimtazama tu. Kabla samaki hajabaki mfupa, Kipaza alikuwa ameshajua kwamba nesi amezalisha nusu ya mji, na kwamba mzee hulala na soksi hata wakati wa joto. Mzee aliyefika kanuna kama kopo lisilofunguliwa sasa alicheka huku ameshika meno yake ya bandia yasimtoke. Dada wa mwalimu, aliyekaa mwanzo kama aliyeletwa kwa nguvu, alikuwa akisimulia mwenyewe, mikono hewani. Siku zote hizo fundi alikuwa akiwaona watu kama uchafu uliomziba Kipaza asimfikie. Leo aliona vingine. Friji bila gesi ni kabati tu, na Kipaza bila watu angekuwa nani?

Ndipo mshindo wa kwanza ukapasua anga.

Lo! Fataki ilipanda kimyakimya, ikasita, kisha ikafunguka kama mwavuli wa dhahabu, ikaanguka polepole mpaka ndani ya bwawa. Ikafuata nyekundu, ikafuata zambarau iliyochanika vipande na kila kipande kikachanika tena. Ikaja na bluu, bluu ileile ya mwali wa moto fundi anaochomelea mabomba ya shaba, ila hii imejaa mbingu nzima. Fundi akasahau kufumba mdomo.

Aliposhusha macho aliona kitu. Meza nzima, bustani nzima, shingo juu kama kuku anayekunywa maji. Katikati ya umati wote ule, hapakuwa na jicho hata moja lililomtazama yeye.

"Kipaza," akamwinamia sikioni.

"Ee," akaitika, macho juu.

"Karibu kwangu."

"Ahsante, nitapita siku moja."

"Si karibu ya kupita. Uje ukae. Nakuposa, Kipaza. Nataka kukuoa."

Shingo ya Kipaza ikashuka taratibu. Fataki ya kijani ikapasuka, ikammulika fundi kipara chote, na Kipaza akamgeuzia kiti chake.

"Kwako kuna viti vingapi?" akauliza.

Fundi akafikiri. "Kimoja ninachokalia. Na kingine cha kuwekea vifaa."

"Basi kesho asubuhi twende tukanunue vingine. Shangazi wa watu anakuja kesho hiyohiyo, nami nitamleta kwako, lazima apate pa kukaa akiambiwa amechelewa."

"Na meza, mwanangu," akasema nesi, macho yake bado mbinguni. "Kubwa. Hii mmetubana."