Anaumwa Sana, Njooni

Sylveri alikuwa ameisikia hadithi ya mbio zile za magari mara nyingi kuliko Baba Yetu. Kila asubuhi, akimvalisha Mzee Kazimir soksi katika nyumba yake ya mbao kule Black Rock, mtaa wa Buffalo, Marekani, mzee alianza upya: mwaka wa sabini na mbili, kiwanja kidogo cha lami chenye umbo la yai, magari ishirini ya kawaida yaliyong'olewa viti na kufungwa vyuma, yakizunguka kama nzi ndani ya sufuria. Magari yakifika mzunguko wa thelathini, Sylveri alikuwa amefika kwenye viatu.

Mwisho tu ndio mzee aliusema polepole. Mzunguko wa mwisho, rafiki yake Emmett alikuwa mbele, yeye nyuma. Kwenye kona kila dereva huachia pedali ya mafuta, apunguze mwendo. Emmett akaachia. Kazimir hakuachia. Bampa yake ikalisukuma gari la mwenzake, likapinda, likaenda ukutani. Emmett akavunjika nyonga na hakushindana tena. Watu wakasema ni ajali, bahati mbaya. Kazimir akabeba kombe, hospitalini asikanyage. Emmett akahamia Louisville, kwa wakwe zake. Miaka hamsini na tatu, kimya.

Sasa kichwa cha mzee kilikuwa kimeanza kuzimazima kama taa yenye waya mbovu, na kabla hakijazima kabisa alitaka jambo moja tu: amwambie Emmett, uso kwa uso, kwamba ile haikuwa ajali.

Sylveri naye alikuwa mtu wa kuchoka kwa zamu. Asubuhi alichoka kwa kuinua wazee aliolipwa kuwatunza, jioni akachoka kwa kuinua maboksi ghalani. Angekuwa punda, majirani wangemsemea. Lakini alilelewa katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, na pale mgonjwa akitajataja jina la mtu, mtu huyo anatafutwa. Kwenye kadi moja ya zamani ya Krismasi, aliyoituma mke wa Emmett, palikuwa na anwani. Dada yake Sylveri, Kostansia, alikaa Newburg, kulekule Louisville. Sylveri akamwomba apite abishe hodi.

Jumapili baada ya ibada Kostansia akapita. Jioni akampigia kaka yake, akamkuta ghalani, simu begani na boksi kifuani. Hakusema mengi. "Yule mzee anaumwa sana. Njooni."

Sylveri akampa mzee habari kama alivyoipokea. Mzee siku hiyo akanyoa ndevu mwenyewe, akajikata mara mbili.

Jumamosi wakaondoka Buffalo alfajiri, Sylveri akiendesha, mzee akiendesha zaidi kutoka kiti cha pembeni. Alilalamika kwamba bibi yake, Mungu amrehemu, angewapita kwa baiskeli. Kisha akaanza kuyapanga maneno yake kwa midomo tu. Mchana wakaingia Columbus, kwa Adriano, rafiki wa Sylveri tangu kwaya ya kambini, mwenye sauti nzito na mdomo usio na kufuli. Mzee akasinzia kwenye kochi. Wanaume wakasimama jikoni, ambako Aline, mke wa Adriano, alikuwa anasonga ugali.

Adriano akataka kujua safari ni ya nini. Akaelezwa yote.

"Kostansia alisemaje hasa?"

"Kwamba anaumwa sana, tuje."

Aline akaacha kusonga. Mumewe akamtazama Sylveri kama mtu anayemtazama mbuzi juu ya paa.

"Na mama yako mkubwa alipofariki, walikupigia wakasemaje?"

Sylveri akafungua mdomo. "Kwamba anaumwa sana."

"Ulimkuta akiumwa?"

"Nilikuta watu wamekaa kwenye majamvi."

"Ndugu yangu," Adriano akasema kwa upole wa kuudhi, "naona hapa Marekani wakikupa leseni ya gari wanachukua masikio."

Sylveri akaketi juu ya gunia la mchele. Hakuwa amefikiri kwamba dada yake angemficha msiba wa Mzungu; misiba ya Wazungu alizoea kuisikia kazini ikitangazwa wima wima, kama habari ya mvua. Akampigia. Kostansia akamuuliza kama alitaka atwangwe na habari ya kifo akiwa peke yake katikati ya maboksi. Emmett alifariki Februari. Mkewe alikuwa hai, alikuwa ameambiwa wanakuja, na alikubali.

Walishauriana kidogo, ingawa hapakuwa na la kushauriana. Mzee akaamshwa. Aline akamnawisha mikono kwa jagi na beseni, akamwekea ugali na maharage. Akala, akalaani pilipili, akaongezewa. Baada ya hapo Adriano akazima televisheni, Aline akawapeleka watoto chumbani, na wote watatu wakaketi, mikono mapajani.

Mzee akazungusha macho, mmoja hadi mwingine.

"Nani amekufa?"

"Emmett, mzee," Sylveri akasema. "Tangu Februari."

Mzee akaitazama sahani yake. Vidole vyake vikaikamata pembeni kama usukani.

"Uliniambia anaumwa."

"Kwetu ndivyo tunavyoambiana. Mtu hapigwi na msiba akiwa mbali na watu. Anaitwa, anafika, anakula, ndipo anaambiwa. Na mimi mwenyewe nilikuwa sijaelewa. Unisamehe."

"Mnapunguza mwendo kabla ya kona," mzee akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Emmett naye alipunguza."

Sylveri alikuwa ameshaanza kuhesabu saa za kurudi Buffalo. Lakini mzee aliuliza, kwao akina Sylveri mtu akifa wanafanyaje. Adriano akamjibu kwamba wanakwenda, hata wakichelewa. Mzee akanyoosha miguu mbele ya Sylveri, ishara ya kila asubuhi, ili avalishwe viatu. Safari hii hakuzisimulia mbio.

Louisville walifika jua likiwa bado juu ya mapaa. Kostansia alikuwa anawangoja nje ya nyumba ndogo ya matofali, amejifunga kitenge kama mtu wa msibani. Mjane akafungua mlango kabla hawajagonga. Mzee akasimama chini ya ngazi, akishikilia mkono wa Sylveri, na maneno aliyoyapanga njia nzima yakabaki matatu.

"Haikuwa ajali, mama."

"Nilijua," mjane akasema. "Alikuona kwenye kioo cha gari, hukupunguza. Aliniambia siku ileile."

"Hakumwambia mtu mwingine?"

"Alisema utakuja kusema mwenyewe. Miaka ya kwanza, kila gari likisimama hapa, alichungulia dirishani." Akalitazama dirisha. "Baadaye akaacha."

Mzee akatikisa kichwa mara nyingi. Sylveri akahisi uzito wote wa mwili ule ukimwegemea, uzito aliokuwa akiuinua kila asubuhi, na leo ulikuwa mkubwa zaidi.

Mjane akapisha mlangoni. "Ngazi ni tatu," akasema. "Polepole."

Wakapanda moja moja. Ndani, akamwonyesha mzee kiti, akazima televisheni, naye akakaa.