Kalunguyeye wa Mpakani

Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni, hautoki kwa maji. Wayua alijua hivyo tangu utotoni. Alikuwa amejifunga leso puani na mdomoni, lakini macho utayafunga na nini, na kazi ni ya panga? Akainama, akakata, akavuta. Ua huu wa minyaa mumewe Aloys aliupanda mwaka waliooana, kutoka barabarani hadi mtoni, kutenga shamba lake na la kaka yake Kimeu. Leo Aloys alikuwa kaburini, mjane wake alikuwa akiung'oa, na Kimeu huyo huyo alikuwa upande wa pili, amevua shati, akimsaidia.

Haikuwa rahisi kumshawishi Wayua. Mwaka ule, baada ya El Nino, kampuni ilikuja upande wa Kathiani kutafuta maharagwe membamba ya kupeleka ng'ambo. Jioni baada ya jioni Kimeu alikunywa chai kwa shemeji yake akimweleza pole pole, kama anayemlisha mgonjwa. Bwana shamba Henry amesema ua ni maficho ya panya, nyoka na kalunguyeye. Mashamba yaunganishwe, yawe safi, yanyweshwe kwa mpira mmoja. Wayua akajibu kwamba kalunguyeye hajamkosea mtu. Mvua ikinyesha, giza likiingia, hutoka kula sota, wale funza wanaokata miche, na ndiyo maana yeye hajawahi kununua dawa.

"Na mpaka je?" aliuliza.

"Mpaka uko kwa roho, Mama Mueni. Mimi na Aloys tulinyonya titi moja. Nani atakunyang'anya shamba? Mimi?"

Wayua akaona haya kwa kuuliza. Hakuwa na mtoto wa kiume, na Mueni, bintiye wa pekee, alikuwa ameolewa Kangundo. Kama si Kimeu, angemtegemea nani? Akamwamini.

Siku hiyo ya kung'oa, jua la mchana liliwakuta kwenye lundo la majani makavu katikati ya mashina. Ndani yake alilala kalunguyeye na wanawe, miiba yao ingali laini. Wayua akataka kuwabeba kwa karai awapeleke mtoni. Kimeu akasema mtoni nako kumefyekwa, watakaa wapi? Akarundika matawi juu yao, akawasha kiberiti. Mnyama mwingine angekimbia. Kalunguyeye alijikunja juu ya wanawe, akangoja hatari ipite. Wayua akageuka, akasema moshi unamuumiza macho.

Sota wa msimu ule walikata maharagwe utadhani wametumwa. Henry akaleta dawa kwa pikipiki yake, na dawa ikaua hata nyuki. Wayua akavumilia. Kisha mvua iliyofuata akatoka na jembe lake, akakuta vibarua wa Kimeu wakipanda hadi mlangoni pake. Alipomkabili, Kimeu hakuinua hata sauti. Alisema shamba lote ni la baba yake, na yeye alimwacha mjane alime kwa huruma tu.

Wazee wa ukoo waliketi kwa Kimeu, wakala kwanza mbuzi wa Kimeu. Ndipo mzee Kitheka, aliyepitisha ng'ombe wake kando ya ua ule maisha yake yote, akapangusa mdomo.

"Mpaka uko wapi, mama?"

"Ulikuwa ua wa minyaa, mzee. Wewe mwenyewe unaujua."

"Sikuulizi ninachojua. Nionyeshe kwa macho."

"Tuliung'oa."

"Nani aliung'oa?"

"Mimi na shemeji. Ni yeye aliyeniambia—"

"Mtu mwenye shamba anang'oa mpaka wake mwenyewe?"

Wazee wakatikisa vichwa. Wakamwachia nyumba na jiko, wakamwambia ashukuru.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Miaka ikapita, Henry akarudi kwa pikipiki ile ile, amevaa fulana mpya ya wafadhili. Akakusanya watu, akawaonyesha picha ya kalunguyeye, ambaye watoto hawakumjua. Akasema wanyama hawa wanatoweka kwa sababu wakulima wameharibu makao yao. Nyua za zamani zirudishwe pale pale zilipokuwa, na atakayeurudisha wake atapewa tangi la maji.

"Hapa ua wa zamani ulipita wapi?"

Wayua alifungua mdomo. Lakini Kimeu alikwisha kusimama. Akaenda nyuma ya jiko la Wayua, karibu hata bega likagusa ukuta, akaburuta kisigino mchangani kutoka pembe hadi pembe. Kaburi la Aloys likabaki upande wa Kimeu.

"Ulipita hapa," alisema.

Henry akamgeukia mzee Kitheka, akamuuliza kama ni kweli.

"Kweli kabisa. Naukumbuka vizuri."

Watu wakapiga makofi. Kisha mtu akamshikisha Wayua jembe aanze kuchimba mashimo, kwa kuwa wote walikubaliana kwamba mkono wake ndio uliozoea minyaa.