Picha ya Ukurasa wa Tatu

...na Salu mwenye duka alikuwa bado anapima sukari, nusu kilo, jiwe upande huu na sukari upande ule, Paschal alipolivuta gazeti lililokuwa juu ya kaunta, gazeti la juzi lililofika Bariadi leo na basi la Shinyanga, akaona wasichana wawili wenye upara mbele ya banda la video, mmoja kashika kiuno anacheka, na juu yao maandishi mazito, MABINTI WAHUNI WAVAMIA MIJI YA PAMBA, akatikisa kichwa, akasema kwa ile sauti yake ya mikutano ya wakulima, "Hawa hawana wazazi," na Salu akaacha kumimina, akasema taratibu, "Bwana shamba, huyo si Milembe wako?" ...na ndipo akaliona lile jino lililopanda juu ya mwenzake, jino la Eufrasia, mkewe, miezi miwili sasa yuko ardhini, ni Milembe, binti yao, miaka kumi na sita, na Milembe mwenyewe yuko hapo nje barazani na dumu la mafuta ya taa, hatua tatu, labda nne, amesikia au hakusikia, ukuta ni wa tofali lakini mlango uko wazi, na alichosema ni wazazi, kana kwamba wako wawili... "Wanaiga wacheza mpira wa kikapu wa Marekani," Salu anasoma kwa kidole, "wanawaona kwenye video," video gani, ulikuwa wembe wa Mayu Nyamizi, mama yake Paschal, siku ya kumaliza matanga, watoto wa marehemu wote kwenye mkeka, Milembe wa kwanza, hakulia, aliuliza tu nywele zitapelekwa wapi, na Kija, huyo wa pili pichani, akajisogeza mwenyewe anyolewe kwa ajili ya shangazi yake, na Paschal wakamwambia, wewe msomi, una semina Mwanza, basi wewe usinyolewe, akakubali upesi, upesi mno... banda la video liko jirani na mashine ya kusaga, mtu akingojea unga wake asimame wapi, na kweli, pembeni kabisa, picha ilipokatwa, kuna sikio la kiroba cha unga, na yeye bwana shamba anayerudisha ripoti ya wadudu wa pamba ikikosa idadi ya mashamba, hapa hakuuliza wangapi, wapi, nani kasema, tangu waruhusu magazeti ya watu binafsi yamekuwa mengi, kila wiki jipya, na kila wiki kijana kashika chupa, kijana kashika kisu, na yeye hutikisa kichwa, miaka mitatu sasa anatikisa... na kicheko hicho, tangu msiba hajakiona, alicheka, mahali fulani Milembe alicheka, na aliyekuwepo kuona ni mpiga picha.

"Nikufungie kwa hili?" Salu anauliza, mkono juu ya ukurasa, "maana mifuko ya khaki imeisha," na Paschal akasema, "Hapana, tafuta lingine," na nje sauti ikaita, "Baba, mafuta nimeshapata, twende?" sauti ya kawaida, au ya kawaida kupita kiasi, Eufrasia angejua, angeisikia mara moja angejua, yeye anasikia maneno tu, na sukari bado iko kwenye mizani, na mizani bado inacheza.

Kesho yake asubuhi, Milembe akiwa amechuchumaa anafunga kamba za viatu vya shule, Paschal alichuchumaa mbele yake, akamwambia, "Jana dukani, aliyesema hamna wazazi ni mimi. Sikuwa nimejua kuwa ni wewe."

"Nilisikia," Milembe alisema. Akakaza fundo. "Na kama tusingekuwa sisi, Baba, ungeyarudisha maneno yako?"

Paschal alitaka kumjibu sawasawa, akamwambia hapana, asingeyarudisha.